Kopo la Vifungo

Vidonge viligonga ubavu wa chupa, na Mama Uzi akaibana chupa kifuani kwa mikono yote miwili, kama anayemnyamazisha kifaranga. Kulikuwa bado giza. Upande wa pili wa pazia mama mkwe akajigeuza kitandani.

"Nini hicho?"

"Vifungo, mama. Natafuta vya shati la mteja."

"Saa hizi? Huyo mteja anazikwa nalo?"

Mama Uzi akacheka kidogo, ili utani upate mtu wa kuucheka. Kisha akafungua kopo lake la vifungo, akamimina humo vidonge vyote taratibu, akachukua kimoja, akakimeza bila maji. Mtaa mzima uliijua sauti ya chupa ile ya plastiki. Mwanamke wa chumba cha mwisho walimwita Kayamba mpaka akahama. Lakini nani atamuuliza mshonaji kwa nini kopo lake linalia? Kulipopambazuka alikwenda chooni, akaitumbukiza chupa shimoni.

Siku ya kuchukua dawa alikwenda zahanati na kopo lake mkobani.

"Chupa iko wapi?" nesi aliuliza.

"Niliitupa, dada. Lakini dawa zilizobaki ninazo hizi."

"Mimi si dada yako." Nesi akachokoa ndani ya kopo kwa kalamu. "Dawa na vifungo! Wewe unameza au unashona?"

Karani akacheka.

"Asiye na chupa ameuza," nesi akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Kuna wanaolishia kuku. Tunawajua."

"Sijauza hata kimoja. Zihesabu."

"Nihesabu uchafu?"

Akaligeuza kopo juu ya ndoo ya taka, vidonge na vifungo vikaenda pamoja. Vifungo vichache vilirukia sakafuni. Mzee aliyekuwa nyuma kwenye foleni aliinama kwa shida, akaviokota, akafuta kila kimoja kwa mkono wa shati lake, akamwekea Mama Uzi kiganjani.

"Basi nipe nyingine."

"Mpaka mhudumu aje kwako, aone unapoweka dawa. Ndio utaratibu."

"Asije nyumbani, nakuomba. Nakaa kwa mama mkwe."

"Basi kaa naye," nesi akasema. "Anayefuata!"

Mhudumu alikuja mchana, watu wote wakiwa nje. Alikuwa binti mpole, amevaa kizibao cha njano chenye utepe mwekundu mgongoni. Aliuliza nyumba bombani, akauliza dukani, akauliza kwa kinyozi. Mlangoni akavua viatu.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja kuona mgonjwa wetu anapoweka dawa."

"Marahaba. Dawa gani?"

Binti akatazama huku na huku, akamwona Mama Uzi amesimama nyuma ya cherehani, akajiziba mdomo. "Nilidhani wanajua," akanong'ona. "Na hiki kizibao, tukikutwa bila hiki hatulipwi."

Mama mkwe alikaa chini pole pole. "Kumbe ndicho kilichomla mwanangu."

"Yeye ndiye aliyeniletea, mama."

"Mwanangu yuko kaburini, hawezi kujibu. Wewe uko hapa."

Kabla jua halijazama cherehani ilikuwa uani, kwenye kibanda cha kuni kando ya choo. Mtoto wake, msichana, alibaki ndani kwa bibi. Wateja walikuja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijakatwa. "Nimeghairi tu," walisema, wakivishika kwa ncha za vidole. Usiku mama mkwe alitoka, hakumtazama, akaitupa blanketi yake nzuri juu ya cherehani, akarudi ndani na kukomea mlango.

Mama Uzi alirudi zahanati.

"Ripoti inasema umehama," nesi alimwambia. "Nyumba iliyokaguliwa si yako tena. Lazima utembelewe upya."

"Nimehama kwa sababu mlinitembelea."

"Usinipandishie sauti. Nenda kasubiri."

Akasubiri. Mvua zikanyesha, zikakatika. Kikohozi kikaja, kikakaa. Chakula kililetwa na msichana wake, aliyeamriwa kukiweka kizingitini na kurudi mbio. Siku nyingine msichana alichelewa kurudi, mpaka bibi akaita.

Siku binti yule mhudumu alipokuja tena, Mama Uzi hakumtambua. Alikuwa amevaa gauni la kawaida.

"Kizibao wamekichukua," alisema. "Mradi umefungwa. Wafadhili wameondoka. Chumba cha dawa kimetiwa kufuli, na nesi mwenyewe kaambiwa akae nyumbani."

"Na ripoti yangu?"

"Imo humo ndani, dada. Sikupewa nafasi ya kuandika nyingine."

Binti akakaa juu ya mkeka, karibu kabisa, magoti yao yakagusana. Tangu Mama Uzi ahamie kibanda kile hakuna mtu mzima aliyekuwa amekaa pale. Akammenyea chungwa, akatoa mbegu, akamlisha kipande kimoja kimoja, akimngoja amalize kukohoa. Wapangaji waliokwenda chooni walipita wakiwa wameziba pua, wakachungulia, wakaenda kusimulia.

"Dawa zitarudi lini?"

"Hawajasema."

Binti akasimama, akatafuta viatu vyake. Mama Uzi akamshika pindo la gauni.

"Hata kama huna kitu cha kuleta," alisema. "Utakuja tena?"