Maganda Yaliyooshwa kwa Sabuni

Sampuli nambari kumi na saba ilipowekwa mezani, Kavuo aliisikia harufu kabla hajaifungua vizuri, na moyo ukamlipuka. Ilinukia sabuni.

Kazi yake, katika maabara ndogo ya mji wa Butembo, mashariki ya Kongo, ilikuwa kuandaa maganda ya kenkina, mti unaotoa dawa ya kwinini, kabla hayajapelekwa kwa wanaopima. Aliyakausha, akayasaga, akayachekecha, kisha akamwaga unga juu ya karatasi na kuugawa mafungu manne, kwa uangalifu wa mama anayewagawia ugali watoto wasioelewana. Mafungu mawili yanayotazamana aliyaondoa, mawili yaliyobaki akayachanganya na kuyagawa tena, mpaka ukabaki unga wa kijiko kimoja. Kijiko hicho ndicho kilichosemea kilima kizima cha mkulima. Majina ya wakulima hayakuandikwa, nambari tu, ili mtu asije akapendelea ndugu zake.

Lakini nani duniani angeosha maganda ya mti kwa sabuni, kama si watu wa kwao, kule kwenye vilima vya Alimbongo?

Zamani, alipokuwa akisoma Beni na kukaa kwa shangazi yake, kila mwezi gunia la chakula lilimshukia kutoka nyumbani. Mama yake aliosha kwa sabuni kila kitu kilichokwenda mjini: viazi, karoti, hata vitunguu. “Hatutumaka udongo mu muji,” alikuwa akisema. “Batasema hatuna mayi.” Majirani wa shangazi walitania kwamba viazi vya Alimbongo vimekuja kubatizwa. Wakati ule Kavuo alikuwa akiona haya, mjinga yeye. Magunia yalimfuata hata Butembo, mpaka mama alipofariki yakakoma, na sasa ulikuwa mwaka wa pili Kavuo akinunua viazi sokoni na udongo wake.

Wiki iliyotangulia, kaka yake Jéthro alikuwa amempigia simu. Miti ya kenkina imezeeka, alisema. Maganda yakionekana hayana nguvu, ataing’oa yote apande mikaratusi ya mbao. Baba yao, mzee Syauswa, alikuwa amekubali. Karatasi ya maabara ndiyo ingeamua. Miti yenyewe mzee aliipanda mwaka aliozaliwa Kavuo, na chini yake ndipo mama alipoketi siku za kubandua maganda, akiwapaka watoto ule uchungu kwenye vidole ili waache kuvinyonya. Kavuo aliipenda miti ile kama anavyopenda watu, na hakuwahi kumwambia mtu yeyote.

Na sasa, sabuni! Maji hutoa nguvu kwenye ganda, na sabuni huvuruga vipimo. Kijiko cha nambari kumi na saba kingesema kilima kimekufa.

Kabatini kulikuwa na chupa ya unga wa maganda makali sana, wa kujaribia mashine. Kijiko kimoja cha unga huo kingetosha kuchukua nafasi ya nambari kumi na saba. Kavuo alifungua kabati, akaishika chupa, akaanza kuzungusha kifuniko. Ndipo akaikumbuka mikono ya mama yake ndani ya karai, ikisugua viazi ili mtu wa mjini asipokee hata chembe ya udongo asiyoitaka. Alirudisha chupa na kwenda kwa mkuu wake, Timothée.

“Chef, hii numéro dix-sept siwezi kuitayarisha. Inatoka kwetu.”

“Umejua namna gani? Jina haiko.”

“Baliiosha na sabuni.”

Timothée alicheka mpaka akavua miwani. Alipoinusa mwenyewe, aliacha kucheka.

“Bon. Hii tunaikatala. Balete ingine, mara moja tu. Mais we, hapana kuigusa. Zacharie atafanya.”

Siku nne baadaye mzee Syauswa alifika mwenyewe, amevaa koti lake la misa, kifurushi amekificha nyuma ya mgongo. Maganda ya safari hii yalikuwa na vumbi na sisimizi wawili waliokufa.

“Papa, ile ya kwanza, ni nani aliiosha? Ni muke wa Jéthro?”

“Ni mi.”

Kavuo alimkodolea macho. Mzee huyu, katika maisha yake yote, hakuwahi kuosha hata kikombe.

“Mama yako alikuwa anaoshaka kila kitu yenye inaenda mu muji,” mzee alisema. “Sasa yeye haiko. Nikasema, nitamutumia mutoto wake vitu vichafu namna gani? Niliosha mara mbili.” Akatazama chini. “Kumbe niliharibisha?”

“Kidogo, Papa,” alijibu. Alilia palepale mlangoni, wenzake wakiona, huku mzee akimpigapiga begani.

Zacharie, mwenzake Kavuo wa maabara, alipoanza kazi, baba na binti walisimama nje ya kioo wakitazama. Fungu la kwanza lilipoondolewa, mzee alishtuka.

“Juu ya nini anatupa kazi yangu?”

“Hapana kuogopa, Papa. Yenye itabakia ni sawasawa na yenye inatoka.”

Karatasi ilitoka Ijumaa. Maganda ya kilima cha Syauswa yalikuwa na nguvu kuliko ya majirani wengi. Jéthro aliguna kwenye simu, kisha akasema basi, mikaratusi yake ataitafutia nafasi kule bondeni.

Mwezi uliofuata, Juma, dereva wa lori la mboga, alimshushia Kavuo gunia kutoka Alimbongo. Alilifungulia jikoni. Lilijaa viazi, vyote vimeoshwa, kimoja kimoja, na mtu asiyejua kuosha, maana udongo ulikuwa umebaki katika kila kishimo. Kavuo alikiinua kimoja mpaka puani. Kilinukia sabuni.