Miguu Chini ya Ndege

Saa saba mchana, wahadhiri wakishaenda kula, Anyesi humaliza kukwangua mavi ya popo ndani ya bawa la ndege ya chuo, hunawa kwa sabuni mara mbili, kisha hupepeta uwele nyuma ya banda. Akiukabili upepo, huinuka. Hutangulia visigino, mwili ukafuata, mpaka usawa wa madirisha ya juu. Hapo huweka ungo pajani, uwele ukiwamo, akafuta vioo. Bibi yake alikuwa akienda hivyo hivyo hadi Mtera kuleta samaki wakavu, na kurudi kabla uji haujapoa.

Chuo hicho cha uhandisi wa ndege, ng'ambo ya Ipagala, kina miaka kumi na miwili na ndege moja. Ndege haijawahi kuondoka ardhini. Wahitimu mia nne wamepiga nayo picha.

Wahadhiri waliwahi kuuchukua ungo wa Anyesi kwa miezi mitatu. Wakaupima, wakaupulizia upepo wa mashine ukiwa mtupu, wakaandika kitabu kwamba hauruki. Anyesi aliwaambia hakuna mtu anayepepeta ungo mtupu. Fundi Masudi wa karakana ya chuo akamwambia awaache, wale wamesoma.

Sherehe za chuo zilipokaribia, mkuu wa chuo, Dokta Ambokile, alimwita ofisini.

"Shikamoo Mkuu."

"Marahaba. Dada, Ijumaa utatubebea ndege kidogo. Wageni wanatoka wizarani."

Kwa miaka tisa Anyesi alikuwa kibarua wa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Aliomba kitu kimoja: ajira ya kudumu, apate bima, mama yake atibiwe kifua.

"Hilo limekwisha," alisema Mkuu. "Beba kwanza."

Ijumaa walimfunga kamba kiunoni chini ya tumbo la ndege, wakamfunika kitambaa cha rangi za chuo ili wageni wasisumbuke kumwona. Alijaza uwele, akapepeta, akainuka na ndege yote. Alizunguka kilima kilicho nyuma ya chuo mara tatu. Popo walitoka bawani wakanya juu ya mahema. Wageni walisogeza sahani, wakaendelea kutafuna na kupiga makofi. Alipotua, Mkuu alikuja na mfupa wa mbuzi mkononi, akampigapiga begani. Mafuta yakapenya gauni mpaka kwenye ngozi.

"Umetuheshimisha," alisema, na kipande cha nyama kikamtoka mdomoni kikamwangukia Anyesi kifuani.

Jumatatu, Dorothea wa ofisi ya utumishi alimtaka atoe cheti cha kidato cha nne. Anyesi alisema yeye ni wa darasa la saba.

"Mdogo wangu, mimi nilikuona ukiruka. Lakini mfumo haukukuona."

Akampa mkataba wa miezi mitatu. Anyesi alisaini, akatoka nje, akatema mate. Ladha ya mafuta ya mbuzi haikutoka.

Sasa picha ya ndege ikiwa angani imetundikwa juu kabisa ukutani, kwenye Ukumbi wa Mafanikio. Kamba na kitambaa vimefutwa. Miguu miwili, pekupeku, visigino vimepasuka, ilisahauliwa.

Wiki iliyopita wanafunzi wapya waliletwa waione. Binti mmoja aliuliza ile ni miguu ya nani. Mhadhiri aliinua kichwa, akatazama vizuri.

"Hayo ni magurudumu," alisema. "Ya muundo wa zamani."

Wakaandika. Anyesi alikuwa papo hapo juu, ungo pajani, akifuta kioo cha picha ile. Alisogea pembeni kidogo, wapate kuona.