Punda Milia wa Kona ya Thawin

Kazi yangu mimi ni kusoma lami. Gari likipinduka popote kwenye milima hii ya mkoa wetu wa Nan, majeruhi wakishaondolewa na polisi wakishamaliza kuandika wanachoandika, naitwa mimi Prani na kamba yangu ya kupimia. Natazama matairi yamechora nini. Dereva atakudanganya, abiria watasahau, lakini tairi lililobanwa na breki huacha mstari mweusi, na kwa urefu wa mstari huo nakwambia gari lilikuwa na mwendo gani. Ni kazi nzuri, ila haina watu. Jioni narudi nyumbani, napika wali wa kunata wa mtu mmoja, na bado unabaki.

Kona ninayotaka kuisema inaitwa Kona ya Thawin. Thawin alikuwa mume wangu. Alikuwa akiteremka na lori la kabichi kwenda sokoni, siku ya mvua ya kwanza ya mwaka, ile mvua nyepesi inayoyaamsha mafuta yote yaliyoganda juu ya lami na kuifanya iteleze. Ofisini walinikataza kwenda kupima. Nikaenda, nikapima. Mistari yake ilikuwa mirefu na myeusi mpaka ukingoni. Alipambana mume wangu, matairi ndiyo hayakushika.

Mama yake, Mama Chanfong, hakutaka kusikia habari za mafuta na matairi. Kwetu mtu akifa barabarani roho yake hubaki palepale, na isipopewa pa kukaa itatafuta mwenzake. Basi Mama akamjengea kijumba juu ya nguzo, pale pale kwenye mpindo, chenye paa jekundu. Madereva wakaanza kuleta vitu vyao: mashada ya maua, soda nyekundu yenye mrija wake, na punda milia wa plasta. Usiniulize kwa nini punda milia. Kila kona mbaya nchini kwetu ina kundi lake, na mimi hata mmoja sijawahi kumwona hai. Wakipita pale wanapiga honi, kisha wanakutanisha viganja usoni kumsalimu marehemu.

Badala ya ajali kupungua, zikazidi. Na kila ajali ilileta punda milia wengine, mpaka mwenzangu wa kazini Wirat, ambaye mdomo wake hauna kufuli, akaniambia mume wangu siku hizi ni mfugaji. Nilicheka, halafu nikaingia chooni nikalia.

Kilichonisumbua ni kwamba ajali hizi mpya hazikuacha mistari. Lami ilikuwa safi kabisa, gari limekwenda moja kwa moja bondeni kama vile mpindo haupo. Polisi wakaandika kuwa dereva alisinzia. Saa sita mchana? Nikaenda kuwauliza wachuma machungwa wa shamba la juu ya kona, ambao husikia kila kitu. Wakaniambia kila mara husikia honi kwanza, kisha kishindo.

Mtu aliyelala hapigi honi. Nilikaa kwenye jiwe pale pale, maana nilishaelewa.

Gari kwenye kona halipendi kukunja. Linataka kunyooka na safari yake, na kinacholikunja ni matairi manne na mikono ya mtu. Ukiuachia usukani, unajinyoosha wenyewe. Kwenye mteremko ule gari hula mita ishirini kwa sekunde moja. Salamu yenye adabu, viganja mpaka puani na kichwa kimeinama, huchukua sekunde moja na nusu. Hizo ni mita thelathini gari halina dereva, na ukingo hauko mbali hivyo. Watu walikuwa wanakufa kwa heshima zao.

Na Songkran, sikukuu yetu ya mwaka mpya, ilikuwa inakaribia, nusu ya nchi iko njiani kurudi makwao na watoto wamejazana nyuma ya pikapu. Kijumba kilitakiwa kihamishwe kabla ya hapo, kiende chini kwenye uwanja wa kuegesha magari, mtu asimame, ashuke, asalimu akiwa kwa miguu yake. Lakini aliyeialika roho ndiye anayeweza kuihamisha, na aliyeialika ni Mama. Tangu msiba tulikuwa hatusemezani zaidi ya maneno mawili matatu.

Nilimkuta anaponda pilipili za kuchoma, zile alizozipenda Thawin, za kumpelekea kijumbani. Nikamweleza yote, mikono, mita, honi. Aliendelea kuponda.

"Ulimpima mwanangu kwa kamba kama mbao," akasema. "Sasa unamfukuza na nyumbani kwake."

Nikamwambia Mama, watu wanakufa. Akasema madereva si watoto wachanga, nani mwenye akili zake atauachia usukani kwenye kona? Nikasema wote. Akasema mimi ndiye nisiyetaka Thawin akumbukwe. Maneno yale yalinikata maini. Mwisho akafunga pilipili zake kwenye jani la mgomba, mikono hata hakunawa, akaniamuru nimpeleke akamuulize Thawin mwenyewe.

Njia nzima tulibishana. Yeye anasema hakuna anayeachia, mimi nasema wanaachia, sauti zimepanda, na mwendo pia. Tukaingia kwenye kona. Mkono wangu ukapiga honi. Nakuapia sikukusudia. Paa jekundu lilitokea, na viganja vyangu vikapanda vyenyewe mpaka usoni, na kichwa kikainama.

"Mikono, Prani!"

Mama aliudaka usukani kwa vidole vyake vya pilipili. Nikaushika na mimi, nikakanyaga breki, gari likafagia punda milia wa mwanzo na kusimama likiwa limekigusa kijumba ubavuni. Soda ilikuwa inamwagika juu ya kioo.

Mama akauliza taratibu, "Unamsalimu hivi kila siku?"

"Kila siku, Mama. Nikienda na nikirudi."

"Unamwambia nini?"

"Namwambia wali umebaki."

Akajifunika uso kwa mikono, akasahau ile pilipili, na ikamuingia machoni. Nikamwosha kwa maji ya chupa, yeye analia kwa pilipili na kwa mengine, mimi nalia naye.

"Nilimjengea asikae peke yake," akasema. "Sasa ukimfuata na wewe, mimi nabaki na nani?"

Miaka yote ile nilidhani hanihesabu kama mtu wake.

Akashuka mwenyewe, akapiga magoti kati ya vipande vya plasta, akamwambia Thawin kwamba anahama, asikasirike, huko chini ni karibu na maji na kuna kivuli. Kabla ya Songkran kijumba kilikuwa uwanjani. Sikukuu ikapita, na wachuma machungwa hawakusikia kishindo.

Mama sasa hunipigia simu kila asubuhi. Haniulizi habari za nyumbani. Anauliza kama nimeshika usukani kwa mikono miwili, nikisema ndiyo anakata.

Kwenye kona imebaki alama ya saruji na punda milia mmoja aliyevunjika mguu, magugu yanamfunika. Mikono yangu bado inataka kupanda. Naikaza kwenye usukani mpaka vidole vinauma, napita, nateremka hadi uwanjani, naegesha, nashuka. Siku hizi pale pamechangamka. Madereva wanakula, wanapiga picha, wanawauliza wauza maua bei, na mbele ya kijumba kuna foleni. Zamu yangu ikifika nakutanisha viganja, nainama, na nyuma yangu mtu anakohoa kunikumbusha kuwa anasubiri. Zamani ile sekunde moja na nusu tulikuwa wawili tu, mimi na mume wangu. Sasa namsalimu haraka, ya wali simwambii, nampisha mwingine.