Goti la Asilimia Kumi

"Uliulizwa kama linauma, ukasema haliumi! Kwa mdomo wako mwenyewe!"

"Punguza sauti, mama Gati."

"Nipunguze nini? Usiku unasagaga meno mpaka watoto wanaamka. Kwa daktari, haliumi!"

Nyamhanga alitazama mlango wa bodi ya madaktari. Walikuwa wametoka Bunda juu ya magunia ya pamba, mguu wake wa kulia umenyooka kama mpini. Tangu kombora la vita vya Uganda, miaka sita sasa, goti halikunjiki. Mara ya kwanza bodi ilimpa asilimia kumi. Chini ya ishirini hakuna pensheni, na leo, hapa Musoma, ndiyo rufaa ya mwisho. Shamba analima mke, na Gati aliyeachishwa shule amsaidie.

"Ningelia mbele ya Matiko?" alinong'ona.

Matiko, dresa wa hospitali mwenye mafaili ya bodi tangu mara ya kwanza, alitahiriwa naye asubuhi moja, kwa kisu kimoja. Hakuna aliyepepesa jicho. Anayelia siku ile huimbwa ngomani mpaka wajukuu zake waone haya.

"Basi Matiko aje akulimie," alisema mkewe, Wankyo.

Matiko akaita jina.

Ndani, daktari hakuinua uso. "Hapa umeandikwa huna maumivu. Umetia sahihi."

"Ndiyo, afande."

"Ulidanganya siku ile, au unadanganya leo?"

Nyamhanga alilipapasa goti; daktari akafunua jedwali.

"Mguu uliokatwa una asilimia zake kwenye jedwali. Wako upo."

"Upo, afande. Ila hauingii shambani."

"Sijauliza shamba. Panda kitandani. Nitabonyeza, tuone."

Mlango uliachwa wazi kwa sababu ya joto. Kwenye benchi walikaa askari wenzake, wanne kati yao wa rika lake la tohara. Nyuma yao alisimama Wankyo, kanga ameifunga kiunoni kwa fundo gumu, anamkazia macho.

Leo nitalia, Nyamhanga aliamua. Watu waimbe wanavyotaka.

Lakini kulia hakuwahi kujifunza, wala hakujua mtu huanzia wapi. Alilala, akashika vyuma vya kitanda, akafumba macho, akapiga yowe. Lilitoka kubwa, la ajabu, kama la fahali anayechinjwa vibaya.

Wa benchini wakainamisha vichwa. Matiko akageukia ukuta.

"Bwana Nyamhanga," alisema daktari, mikono ikiwa bado mifukoni, "sijakugusa."