Aliyeahidi Mara Mbili

Mimi ni Alfayo wa Mugambi wa M'Rinkanya. Babu yangu M'Rinkanya alikuwa mwamuzi wa mipaka ya mashamba huko Meru, na alama aliyoipanda hakuna jirani aliyethubutu kuing'oa. Baba yangu Mugambi alikuwa katekista ambaye hata wapinzani wake walimwachia funguo za nyumba zao. Nami nilifundisha historia hadi nilipostaafu nikaja Kingstanding, huku Uingereza, kwa mwanangu. Nayataja haya ili ieleweke mjukuu wangu Jemima ametoka katika ukoo gani, na kwa nini nilimkasirikia.

Jemima alikuwa nahodha wa timu ya mdahalo ya shule yao. Walikuwa watatu: yeye, Omer, ambaye ni Myahudi, na Abdulnasir, Mwarabu ambaye bibi yake alizaliwa Yafa, huko Palestina. Walifika fainali ya mji mzima, na mada ikawa iwapo Uingereza inabeba lawama ya ugomvi wa Waarabu na Wayahudi juu ya Palestina.

Nilimfundisha kama nilivyowafundisha wengi. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, Uingereza iliwaahidi Waarabu kuunga mkono uhuru wao, ikitenga baadhi ya sehemu kwa maneno ambayo hadi leo wasomi hubishana kama Palestina ilikuwamo katika zilizotengwa. Kisha ikawaahidi Wayahudi makao ya kitaifa huko huko Palestina, ikaongeza kwamba haki za wakazi wengine zisidhuriwe, wala haikueleza makao hayo ni dola au ni kitu gani. Kila upande ulisikia ulichokitamani.

Siku tatu kabla ya fainali, Jemima alirudi nyumbani akilia. Wenzake walikuwa wametukanana, na kila mmoja alikataa kuketi na mwenziwe. Mmoja akikosa, timu ingeondolewa. Alisema wamegombania Palestina.

Sikuridhika. Nilimhoji taratibu hadi kiini kikajitokeza. Wote wawili walitaka kutoa hotuba ya kufunga, na Jemima, asitake kumuudhi yeyote, alimwambia kila mmoja faraghani kwamba neno la mwisho litakwenda kwa mwenye uchungu nalo. Omer aliondoka akijua ni lake. Abdulnasir vivyo hivyo.

Alianza kujitetea kwa Kiingereza, kama afanyavyo akibanwa. Nikamngoja arudi kwenye Kiswahili.

"Sikudanganya, Babu. Sikumtaja mtu."

"Waingereza wale nao hawakusema Palestina ni ya nani," nikamjibu. "Waliandika vizuri sana."

Ndipo nikamweleza desturi ya M'Rinkanya. Ahadi ya mpaka ilitolewa majirani wote wawili wakiwapo, na kila mmoja aliirudia kwa kinywa chake kabla ya mtu yeyote kula. Na aliyeahidi mara mbili alilipa kwa shamba lake mwenyewe, kamwe si kwa la jirani.

Kesho yake Jemima aliwaalika. Kwa desturi ingechinjwa mbuzi, lakini mama yake, Chepkoech, alikumbuka kwamba vijana hao hawali nyama ya kila bucha, akapika githeri ya mahindi na maharagwe. Sufuria ilikaa mezani imefunikwa. Jemima alisimama, akakiri alichomwambia kila mmoja, akawataka warudie walivyosikia. Walirudia, wakatazamana.

"Kwa hiyo nimemtukana huyu kwa sababu yako?" Omer akauliza.

"Usimsingizie," Abdulnasir akasema. "Ulikuwa unanitukana tangu mwaka jana."

Omer akacheka kwanza. Jemima hakucheka. Alisema hotuba ya kufungua ilikuwa yake na sasa anawaachia wao. Mmoja afungue, mwingine afunge, naye akae kimya jukwaani kama adhabu yake. Walinong'onezana kidogo. Kisha Abdulnasir akasema kwamba wao wawili watafungua, kila mmoja akisoma ahadi waliyopewa watu wa mwenzake, na Jemima ndiye atakayefunga, kwa kuwa ndiye pekee aliyelipa ahadi yake kwa kilicho chake. Chepkoech akafunua sufuria.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Omer alisoma walichoahidiwa Waarabu, naye Abdulnasir walichoahidiwa Wayahudi. Jemima akafunga kwa kosa lake mwenyewe, akisema kwamba yeye alilipa kwa hotuba yake ya kufungua, ilhali wakubwa wale wa Uingereza walilipa kwa nyumba za watu wengine. Waamuzi hawakukawia. Kombe likatolewa kwa shule yetu, nami, ambaye sikuwahi kupiga makofi mbele ya wanafunzi, nilisimama nikapiga.

Sisemi Omer na Abdulnasir wamepatana juu ya Palestina. Walibishana ndani ya basi mpaka tuliposhuka, lakini waliketi kiti kimoja.

Nanyi vijana wa ukoo huu, mlioko hapa na mlioko Meru, sikieni. Msimwahidi mtu faraghani msichoweza kukirudia mbele ya jirani yake. Nasema mshike neno hili, wala sitalirudia.