Pijo Iliyochemka Kawale

Mbishi kama Alimasi hujawahi kumwona. Mtu wa Kindu, muuza vitenge, miaka ishirini nyuma ya usukani, na kwa habari za gari lake hasikilizi la mtu. Pijo ile ya buluu ndiyo kitu pekee alichotoka nacho Zaire. Mkewe alimzika njiani, Kalemie. Binti yake, Aicha, walipotezana Uvira siku ya mabomu, mwezi wa kumi. Gari likabaki. Umgusie kidogo tu kwamba aliuze, jamani, atakutukana mpaka babu yako.

Jumatatu moja ya Desemba dereva wa lori akaleta barua Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi. Mwandiko ulikuwa wa Aicha.

"Papa, bantu banasema ulikufia njiani. Mwingine anasema aliona gari yetu kwenye kambi ya Malawi. Ijumaa nitapita Lilongwe na basi ya Harare. Inafika saa tatu asubui, inaondoka saa ine. Kama uko muzima, kuja. Kama sikukuona, nitajua banasema kweli, na sitakungojea tena."

Alimasi akalia mbele ya watu bila haya. Alipomaliza kulia akaenda kufungua boneti, kwa sababu gari lilikuwa na ugonjwa. Kwenye barabara kuu linakwenda kama upepo, halina neno. Likifika mjini, likianza kutambaa nyuma ya minibasi, maji yanachemka.

Siku tatu alilipekua. Akaosha rejeta, akabadilisha mipira ya maji, akatoa temostati akaitupa kabisa, maana Kindu ndivyo walivyofanya. Jirani yake Karangwa, Mnyarwanda muuza makaa, alikuwa amechuchumaa pembeni akitazama.

"Muzee, ikienda mbio haichemki. Ikitembea polepole njo inachemka. Si ni upepo unakosekana? Feni iko muzima?"

"We makanika tangu lini? Feni si hii inazunguka? Uko kipofu?"

Na kweli ilikuwa inazunguka. Alhamisi wakaenda hadi Mponela na kurudi, na mshale wa joto haukupanda hata kidogo. Alimasi akapiga boneti kofi. Limepona, akasema.

"Mponela haina foleni," Karangwa akasema. "Kesho tupande minibasi tu."

"Mutoto wangu anione nashuka kwa minibasi kama mukimbizi?"

"Na we ni nini?"

Alimasi akaanza kulipangusa gari vumbi. Alitaka Aicha alione gari kwanza, kabla hajaona jinsi baba yake alivyozeeka ndani ya miezi miwili.

Ijumaa akavaa kanzu iliyopigwa pasi. Walipofika mjini wakapitia Kawale, maana katikati ya mji polisi wangeuliza juu ya namba za Zaire. Karibu na soko la Kawale lori la mahindi lilikuwa limevunjika ekseli, na magari yote yanapita mojamoja. Mshale ukaanza kupanda. Saa tatu na nusu mvuke ukatoka kila upande.

"Shuka!" Karangwa akapiga kelele. "Depo ya basi ni dakika ishirini kwa miguu. Kimbia, miye nitabaki na gari!"

"Dakika mbili. Nipate tu mahali inaharibikia."

"Muzee, kimbia!"

"Nimesema dakika mbili!"

Mungu wangu, dakika mbili! Akatafuta maji, akaunguza mkono kwenye kifuniko cha rejeta, akangoja injini ipoe, akaiwasha tena. Feni ikazunguka. Akaokota kijiti cha ufagio, akakigusisha kwenye mapanga yake. Feni ikasimama papo hapo, haikuwa na nguvu hata ya kuvunja kijiti. Feni ya Pijo ile haishiki mpaka ipate umeme. Bila umeme inajizungukia kivivu tu, kukudanganya. Alimasi akazima injini, akaufuata waya kwa kidole mpaka mwisho wake. Ulikuwa umechomolewa, umekunjwa vizuri, umefungwa kwa kipande cha kitenge. Fundo lilikuwa lake.

Mto ule aliouvuka njia ya Fizi, akikimbia Uvira! Kwao Manyema kila dereva anafanya hivyo: kabla ya kuingia majini unachomoa waya, feni isije ikarusha maji kwenye injini. Ukivuka, unaurudisha. Siku ile ng'ambo kulikuwa na risasi, akakanyaga mafuta asitazame nyuma.

"Njo miye," akasema. "Njo miye mwenyewe niliuchomoa."

Akauchomeka. Feni ikavuma, mshale ukashuka, na Pijo ikatambaa kwenye foleni nusu saa nzima bila kuchemka. Walipoingia depo, saa ya Karangwa ilionyesha saa tano kasoro robo.

"Tuifuate!" Karangwa akasema. Waifuate na nini? Petroli ilibaki ya kurudi kambini tu, na kibali cha kambi kiliishia mjini. Alimasi akashuka, akasimama pale penye doa la mafuta lililoachwa na basi.

Muuza maandazi mmoja, mama wa Karonga anayejua Kiswahili cha mpakani, akawaonea huruma.

"Basi la Harare? Limeondoka zamani. Mlikuwa na mtu? Kulikuwa na dada mmoja ndani yake, maskini, saa nzima amesimama hapohapo mliposimama, anaangalia barabara. Dereva alipopiga honi, akanunua maandazi yangu yote akagawia watu. Sadaka ya baba yake, ndiyo kwanza amejua amefariki. Alisema tumwombee, jina lake Alimasi." Akafunua beseni. "La sadaka limebaki hili moja. Chukua, mzee, umwombee na wewe."

Alimasi akapokea andazi kwa mikono miwili.

"Mungu amrehemu," akasema.

"Amina," mama akaitikia, akaanza kufuta beseni lake.