Meno ya Bi Zeinab

Asubuhi ya Jumamosi, baada ya chai, Mashavu alikuwa mezani akisoma sura ya seli. Bibi yake, Bi Zeinab, alikuwa mkekani akimenya vitunguu. Bi Zeinab akaweka kisu chini.

"Mashavu."

"Labeka, bibi."

"Hebu nitazame huku nyuma. Naona limeniota jino."

Mashavu akanawa mikono, akatazama. Lilikuwa gego la chini, upande wa kulia, jeupe, zima. Bi Zeinab alikuwa na miaka sabini na moja, na hakuwa na jino hata moja tangu Mashavu yuko darasa la pili.

"Kweli, limeota," alisema Mashavu.

"Haya," akasema bibi, akaendelea na vitunguu.

Bi Zeinab aliletwa Jeddah na wazee wake kutoka Unguja mwaka wa sitini na nne, akiwa na miaka kumi. Sasa walikuwa watatu katika vyumba viwili mtaani Kandara, juu ya duka la mabegi: yeye, mwanawe Haroub aliyeuza simu mtaa wa Sharafiya, na Mashavu, binti wa Haroub, aliyejiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo kimoja cha udaktari wa meno, Riyadh.

Wiki ya pili yakaota mawili mengine, ndipo wakaelewa utaratibu wake. Kila sura aliyoijua Mashavu ilikuwa jino. Sura aliyoipitia mara moja kwa kupaka mistari kalamu ya njano ilitoa jino linalocheza, nalo lilibaki kwenye mkate. Sura aliyoifunga, akajiuliza mwenyewe, akakosea, akairudia baada ya siku tatu na tena baada ya wiki, ilitoa jino la kutafunia. Mashavu akaacha kalamu ya njano. Haroub akaandika ratiba, akaibandika kwenye friji: baiolojia, kemia, hesabu, na maswali ya kukisia matundu yatakavyokaa kwenye karatasi iliyokunjwa na kutobolewa, ambayo yalileta meno ya mbele.

"Leo umesoma nini?" Bi Zeinab aliuliza kila adhuhuri.

"Asidi na besi."

"Hujaisoma. Bado linacheza."

Mashavu alirudia.

Kufika mwezi wa nne Bi Zeinab alikuwa na meno thelathini na mawili. Alikula lozi na nyama ya mbuzi, na majirani walimuuliza anakotibiwa.

Haroub akampeleka binti yake Riyadh kwa basi. Mashavu alimaliza mtihani kabla ya muda, akapata tisini na saba katika mia. Baada ya wiki mbili wakaitwa kupeleka hati. Karani aliyewapokea, Hamad, alikuwa mtu mpole. Alizitazama alama, akatabasamu. Kisha akaitazama ikama, kibali chao cha kuishi nchini.

"Umezaliwa wapi?"

"Jeddah."

"Na baba yako?"

"Jeddah," alisema Haroub.

"Ndiyo, lakini hapa mmeandikwa wageni. Nafasi za wageni ni mbili, na zimeshajazwa."

"Zilijazwa lini?" aliuliza Mashavu.

"Kabla ya mtihani." Hamad aliwaletea maji ya kunywa.

Haroub akauliza kama barua ya Salem, kafili aliyemdhamini kuishi nchini, ingesaidia. Hamad alisema barua ingeweza kuwekwa kwenye faili. Katika basi la kurudi Haroub alimshika binti yake mkono kutoka Riyadh mpaka Taif.

Mashavu akasukuma vitabu chini ya kitanda. Mwezi uliofuata, akifua kanga za bibi yake, akakuta meno manne yamefungwa kwenye pindo.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Yaache yatoke, mwanangu. Utasoma kwa ajili ya nani sasa?"

Mashavu alikaa chini, akalia kidogo. Bi Zeinab akamwacha amalize. Kisha Mashavu akavuta kitabu cha kemia, akakifungua mwanzo, akaanza kujiuliza maswali kwa sauti ndogo.

Salem aliandika barua nzuri, nayo iliwekwa kwenye faili. Gego la kwanza lilirudi Jumanne, na yale matatu yakafuata katika mwezi huohuo. Mashavu anazijua sura zote mpaka leo.